Tim Berners-Lee na kuzaliwa kwa wavuti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kompyuta, wazazi wao na walimu wenzangu. Baadhi yana jibu la sentensi moja. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu mambo yenyewe ni matamu, na kuyafupisha ni kuyaharibu. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali lake.

Nani alibuni wavuti?

Ni Tim Berners-Lee, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza. Aliibuni akiwa mwajiriwa wa CERN, maabara ya utafiti wa fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva. Andiko lake la kwanza lilitoka Machi 1989. Ilipofika Krismasi ya 1990 wavuti ilikuwa inafanya kazi, ikiwa na seva moja tu, yaani kompyuta inayowapa wengine kurasa, duniani kote.

Si Bill Gates?

Hapana. Kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za wavuti) cha kwanza cha Microsoft, kampuni ya Gates, kiliitwa Internet Explorer na kilitoka Agosti 1995, tena kikiwa kimejengwa juu ya programu iliyopatikana kwa leseni kutoka kampuni nyingine, Spyglass. Wakati huo wavuti ilikuwa inakaribia kutimiza miaka mitano.

Kwani intaneti na wavuti si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na hapa hata magazeti hujikwaa. Intaneti ni mtandao wa mitandao: nyaya za chini ya bahari, minara, setilaiti, na kanuni za jinsi kompyuta moja inavyoitumia nyingine vifurushi vya data. Mizizi yake iko Marekani. Tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ilituma ujumbe kwa kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford kupitia ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi. Vint Cerf na Bob Kahn wakachapisha mwaka 1974 msingi wa kanuni tunazoziita TCP/IP, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia rasmi kwenye kanuni hizo. Berners-Lee hakuwa na mkono katika hayo yote.

Tofauti inaonekana kwenye simu yako mwenyewe. Unapotuma ujumbe wa WhatsApp unakula bando na unatumia intaneti, lakini hujafungua ukurasa wowote wa wavuti. Barua pepe nayo ni ya zamani kuliko wavuti: Ray Tomlinson aliituma ya kwanza kutoka kompyuta hadi kompyuta mwaka 1971. Wavuti ni zile kurasa zenye anwani, zilizofungamanishwa kwa viungo, unazozifungua kwa kivinjari. Wavuti haiwezi kwenda bila intaneti, ila intaneti ilienda vizuri tu kwa miaka mingi kabla ya wavuti.

Alizaliwa wapi, na alisomea nini?

Alizaliwa London tarehe 8 Juni 1955. Alisomea fizikia katika Chuo cha Queen's, Oxford, kuanzia 1973 hadi 1976, akahitimu daraja la kwanza. Akiwa huko alijiundia kompyuta kwa mkono, akitumia chuma cha kuchomelea, vipuri vya kielektroniki na televisheni kuukuu.

Wazazi wake ndio sehemu ya hadithi ambayo watu wengi huiruka, nami sipendi irukwe. Baba yake, Conway Berners-Lee, na mama yake, Mary Lee Woods, walikuwa wanahisabati, na wote wawili walifanya kazi kwenye Ferranti Mark 1, mojawapo ya kompyuta za kwanza kabisa kuuzwa kibiashara. Mama huyo aliandika programu katika zama ambazo watu waliowahi hata kuiona kompyuta walikuwa wachache, na kule kazini aliongoza madai ya wanawake kulipwa sawa na wanaume. Kijana aliyelelewa mezani pa watu hawa hakuiogopa mashine, na pengine hakuona ajabu kudai kwamba kitu kizuri kiwe cha wote.

Kwa nini wavuti ilizaliwa kwenye maabara ya fizikia na si kwenye kampuni ya kompyuta?

Kwa sababu tatizo lilikuwa pale. CERN ilianzishwa mwaka 1954 na mataifa ya Ulaya ili wachunguze chembe ndogo kabisa zinazounda maada. Mwaka 1989, mwaka uleule wa andiko la Berners-Lee, waliwasha LEP, mashine ya kugonganisha chembe ndani ya handaki la duara lenye mzunguko wa kilomita 27. Kazi ya namna hiyo huita maelfu ya wanasayansi kutoka vyuo vya nchi nyingi, na kila kundi lilikuja na kompyuta ililoizoea. Hawa walitumia VAX, wale Macintosh, wengine mashine za Unix, wengine kompyuta kubwa za IBM. Nyaraka za huku hazikusomeka kule. Aliyetaka ripoti fulani ilimbidi aingie kwenye mashine nyingine, na mara nyingi ajifunze programu mpya kwa ajili ya ripoti hiyo moja. Berners-Lee amesimulia kwamba mara nyingi ilikuwa rahisi zaidi kwenda kumuuliza mwenyewe wakati wa kahawa.

Halafu kulikuwa na tatizo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Katika andiko lake aliandika kwamba watu wengi hukaa CERN kama miaka miwili, kisha huondoka. Anayeondoka huondoka na anachokijua. Mgeni anayekuja huanza kuuliza upya: programu hii iliandikwa na nani, kifaa hiki kinategemea kipi, uamuzi ule ulifanywa kwa sababu gani. Majibu yaliwahi kuwepo, tena mengine yaliandikwa, ila hakuna aliyejua yako wapi. Ofisi yoyote yenye makabati ya mafaili inaujua ugonjwa huu. Berners-Lee alitaka kumbukumbu ambayo haitegemei mtu mmoja kubaki kazini.

Enquire ilikuwa nini?

Ni jaribio lake la kwanza. Mwaka 1980 alifanya kazi CERN kwa mkataba wa miezi sita, akajiandikia programu ya kuweka kumbukumbu za nani anafanya nini na kipi kinaungana na kipi. Kila ukurasa ulikuwa kama kadi yenye viungo vya kwenda kwenye kadi nyingine. Ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe na ilikaa kwenye mfumo mmoja. Mkataba ulipokwisha aliondoka, akarudi CERN mwaka 1984 na kukuta mkanganyiko uleule, sasa ukiwa mkubwa zaidi.

Ni kweli bosi wake alilikataa wazo lake?

Si kweli. Mike Sendall, mkuu wake, aliandika kwa kalamu juu ya andiko lile kwamba wazo halijakaa wazi lakini linasisimua. Halikuwahi kuwa mradi rasmi wa CERN, kwa kuwa maabara ilikuwa na fizikia ya kufanya na haikuwa na fungu la mambo kama haya. Sendall alitafuta njia ya pembeni: mwaka 1990 aliidhinisha inunuliwe kompyuta ya NeXT, ya kampuni ambayo Steve Jobs aliianzisha baada ya kuondoka Apple, akamwacha kijana aijaribu kwa kuandikia mfumo wake. Watu hukumbuka wabunifu na kusahau wakuu wa idara wanaojua kufumba jicho kwa wakati unaofaa. Sendall anastahili kutajwa.

Kompyuta hiyo ndiyo ikawa seva ya kwanza ya wavuti. Ilibandikwa karatasi yenye wino mwekundu ikionya kwamba mashine hii ni seva na isizimwe, maana mpita njia angeizima kwa nia njema na wavuti nzima ya dunia ingezimika nayo.

Alitengeneza nini hasa?

Vitu vitatu vya msingi, pamoja na programu mbili za kuvitumia.

Cha kwanza ni anwani, URL. Tazama anwani ya ukurasa wa kwanza: http://info.cern.ch/hypertext/WWW/TheProject.html. Mwanzo wake unaeleza lugha ya mazungumzo itakayotumika, katikati ni jina la seva, na mwisho ni njia ya kuelekea kwenye waraka wenyewe. Ni kamstari kafupi unakoweza kukaandika kwenye karatasi, ukamsomea mtu kwa simu, akaufikia waraka uleule akiwa bara jingine. Berners-Lee mwenyewe amekuwa akisema kwamba katika vitu vyote vitatu, hiki ndicho cha msingi zaidi. Nakubaliana naye.

Cha pili ni HTTP, itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, ya kuombana kurasa. Toleo lake la mwanzo lilikuwa na amri moja tu, GET, yaani nipatie. Kivinjari kinatuma mstari mmoja wa ombi, seva inarudisha waraka, mazungumzo yamekwisha. Seva haikumbuki kwamba uliwahi kupita. Wepesi huo ndio uliofanya iwezekane kuandika programu ya seva kwa siku chache na kuiendesha kwenye mashine yoyote iliyokuwepo.

Cha tatu ni HTML, alama za kupanga maandishi: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo. Maelezo ya kwanza ya HTML yaliyotolewa mwaka 1991 yalikuwa na alama 18 tu. Hazikusema maandishi yawe na rangi gani au ukubwa gani, zilisema tu kila kipande ni nini, ili skrini ya bei ghali na skrini ya herufi za kijani zote ziweze kuonyesha ukurasa uleule kwa kadiri ya uwezo wake.

Programu mbili zilikuwa seva na kivinjari. Kivinjari kile, alichokiita WorldWideWeb, kilikuwa na jambo ambalo baadaye lilipotea: ungeweza kuusoma ukurasa na kuuhariri palepale, na kutengeneza kiungo bila kuandika alama hata moja. Alikusudia kila msomaji awe pia mwandishi. Vivinjari vilivyokuja kupata umaarufu viliacha uhariri kwa kuwa ulikuwa mgumu kuuweka kwenye kila aina ya kompyuta, na kwa miaka mingi wengi wetu tukabaki wasomaji. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa ambayo haisemwi vya kutosha. Wikipedia, iliyoanza 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003, ilikirudisha kipande cha wazo lile.

Ile // kwenye anwani ina kazi gani?

Karibu haina kazi. Mwaka 2009 Berners-Lee alikiri kwamba angeweza kuiacha.

Je, alikuwa wa kwanza kufikiria maandishi yenye viungo?

Hapana, wala hajawahi kudai hivyo. Vannevar Bush, mhandisi wa Marekani, aliandika mwaka 1945 kuhusu mashine ya kufikirika ya kuunganisha nyaraka jinsi akili inavyounganisha mawazo. Ted Nelson ndiye aliyebuni istilahi ya maandishi ya aina hii katika miaka ya 1960 na kuanzisha mradi wa Xanadu. Doug Engelbart alionyesha hadharani mjini San Francisco, Desemba 1968, mfumo wenye viungo pamoja na kifaa kipya, kipanya. Mwaka 1989 programu za maandishi yenye viungo zilikuwa zinauzwa madukani.

Berners-Lee alileta muungano wa wazo hilo na intaneti, pamoja na uamuzi mmoja ambao wataalamu wa wakati huo waliuona kama uzembe: kiungo kiruhusiwe kuvunjika. Katika mifumo ya Nelson na wenzake, kiungo kilitakiwa kijulikane pande zote mbili, na waraka ukihamishwa mfumo uujue. Hilo linapendeza, ila linataka daftari kuu linaloshika kumbukumbu za viungo vyote, na daftari kuu linataka mwenye daftari. Berners-Lee alilifuta. Unaweza kuunganisha ukurasa wako na wangu bila kunijulisha. Nikiufuta wangu, msomaji wako atakutana na 404, ujumbe wa kwamba ukurasa haupatikani, na maisha yataendelea. Ndiyo maana wavuti iliweza kukua: aliyetaka kuongeza kurasa hakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Alifanya kazi peke yake?

Mawazo ya msingi na programu za mwanzo ni zake. Lakini bila wengine yangebaki kwenye NeXT ile moja.

Robert Cailliau, mhandisi kutoka Ubelgiji, aliliamini wazo mapema, akaandika naye andiko la pili la Novemba 1990, akazunguka kutafuta watu na fedha. Ndiye pia aliyeandaa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti, hapo CERN, Mei 1994. Nicola Pellow alikuwa mwanafunzi wa hisabati aliyekuja kwa mafunzo ya kazi, naye akaandika kivinjari cha maandishi matupu kilichoweza kuendeshwa karibu kwenye kompyuta yoyote. Huyu binti alifungua mlango, maana NeXT zilikuwa chache, na kivinjari kizuri cha Berners-Lee hakikuweza kwenda kwingine. Jean-François Groff alisaidia kuandika maktaba ya msimbo, yaani vipande vya programu vilivyo tayari kutumika, iliyotumiwa na wengi baadaye.

Bernd Pollermann aliwapa watu sababu ya kuitumia. Yeye alisimamia taarifa zilizokuwa kwenye kompyuta kubwa ya CERN, kikiwemo kitabu cha simu. Kitabu hicho kikaingizwa kwenye wavuti, na wanafizikia ambao hawakujali nadharia yoyote ya viungo wakaanza kufungua kivinjari ili wapate namba ya mwenzao. Wavuti iliingia maofisini kwa kitabu cha simu.

Ilitokaje CERN ikaenea duniani?

Taratibu, kisha kwa ghafla. Tarehe 6 Agosti 1991 Berners-Lee aliutangaza mradi kwenye kundi la majadiliano la intaneti na kualika yeyote aichukue programu. Desemba mwaka huohuo maabara ya SLAC huko California, nayo ya wanafizikia, ilifungua seva ya kwanza nje ya Ulaya ili kuwapa wenzao hifadhidata ya machapisho yao. Mwezi huohuo kulikuwa na mkutano wa wataalamu wa maandishi yenye viungo huko San Antonio, Texas. Makala ya Berners-Lee na Cailliau haikukubaliwa kusomwa, wakapewa nafasi ya kufanya maonyesho tu.

Wanafunzi ndio waliotengeneza vivinjari vya awali: Erwise huko Helsinki, Viola ya Pei-Yuan Wei huko Berkeley. Mwaka 1993 Marc Andreessen na Eric Bina wa kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, wakatoa Mosaic, kivinjari rahisi kusakinisha kilichoonyesha picha ndani ya maandishi badala ya kuzifungulia dirisha lake. Hapo mambo yakabadilika. Kwa hesabu za CERN, mwishoni mwa 1993 kulikuwa na seva zaidi ya 500 zinazojulikana, na mwishoni mwa 1994 zilikuwa 10,000, na watumiaji milioni 10.

Kabla ya Google watu walitafutaje vitu?

Mwanzoni Berners-Lee aliweka orodha ya seva zote kwenye ukurasa, kwa mkono. Kwenye intaneti yenyewe kulikuwa na Archie, iliyoandikwa mwaka 1990 na Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados, akiwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada. Ilitafuta majina ya mafaili, na ndiyo inayohesabiwa kuwa injini ya kwanza ya utafutaji. Yahoo ilianza 1994 kama orodha iliyopangwa na watu wawili. Google ya 1998 ilitumia viungo vyenyewe kama kura: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi zinazoheshimika hupanda juu.

Kwa nini wavuti ilishinda na mifumo mingine ikafa?

Mpinzani wake halisi alikuwa Gopher, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, uliotoka mwaka uleule wa 1991. Ulikuwa rahisi, ulipangika vizuri kwa orodha za kuchagua, na mwaka 1992 ulikuwa na watumiaji wengi kuliko wavuti. Mtu aliyeulizwa wakati ule ni upi utakaoishi, angeweza kabisa kujibu Gopher.

Mwanzoni mwa 1993 chuo kile kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake, hasa wafanyabiashara, watalipia leseni. Kiasi cha fedha hakikuwa jambo. Hofu ndiyo iliyofanya kazi: kampuni zikajiuliza kama nazo zitadaiwa kesho, hata kwa programu ambazo zingejiandikia zenyewe. Wahandisi wakaanza kuukimbia mfumo huo kabla ya ankara yoyote kufika.

Berners-Lee na Cailliau walikuwa wameshaanza kuisukuma CERN itoe tamko, na sasa sababu ilikuwa dhahiri. Tarehe 30 Aprili 1993 wakurugenzi wawili wa CERN, Walter Hoogland na Helmut Weber, walitia saini hati fupi. Ilisema kwamba CERN inaachia haki zake zote za umiliki juu ya programu ya msingi ya kivinjari cha maandishi, ya seva na ya maktaba ya msimbo. Kwamba yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuisambaza. Hakuna ada, hakuna mrabaha, hakuna wa kuandikiwa barua.

Ukinitaka nichague siku moja katika habari hii yote, nachagua hiyo. Machi 1989 ilitupa wazo na Krismasi ya 1990 ikatupa mashine inayofanya kazi, lakini mawazo mazuri yenye mashine nzuri yamekufa mengi. Hati ile ndiyo iliyomwezesha mwanafunzi wa chuo, gazeti la mkoa, kampuni ya watu watatu au mkulima mwenye picha za ng'ombe wake kuanzisha tovuti bila kuwa na deni kwa mtu.

Kwa hiyo hakupata kitu?

Hakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, wala mrabaha wa wavuti. Amekuwa akieleza kwamba angeimiliki na kuiuza, isingeenea: kungekuwa na wavuti kadhaa zisizosomana, kila moja na lango lake, na tatizo la CERN lingerudi kwa ukubwa wa dunia. Hilo halimaanishi alibaki maskini. Amekuwa mwajiriwa na profesa, amepata Tuzo ya Millennium ya Finland mwaka 2004 na Tuzo ya Turing ya 2016, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta. Malkia Elizabeth II alimpa cheo cha Sir mwaka 2004. Juni 2021 nakala ya kidijitali ya msimbo wa awali wa wavuti iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 5.4, na ikaelezwa kwamba fedha hizo zitaenda kwenye shughuli za hisani ambazo yeye na mkewe wanaziunga mkono.

Katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, aliketi uwanjani mbele ya kompyuta ya NeXT, akaandika maneno yaliyomulikwa kwa taa majukwaani: hii ni ya kila mtu.

W3C ni nini?

Ni shirika la viwango vya wavuti ambalo Berners-Lee alilianzisha Oktoba 1994 katika chuo cha MIT, Marekani. Hukutanisha kampuni, vyuo na wataalamu kukubaliana HTML iweje, ili ukurasa ulioandikwa leo usomeke kwenye kivinjari cha kampuni yoyote. Mwaka 2001 lilijitokeza pendekezo la kuruhusu viwango vyenye hataza za kulipiwa. Watu wengi walipinga, na mwaka 2003 Berners-Lee kama mkurugenzi aliidhinisha sera inayotaka viwango vya W3C vitumike bila mrabaha. Ni tamko lile la 1993 likilindwa kwa mara ya pili.

Amewahi kulaumiwa?

Ndiyo, na vikali. Mwaka 2017 W3C ilipitisha, kwa idhini yake, kiwango kinachowezesha vivinjari kuonyesha video zilizofungwa kwa kufuli za hakimiliki. Shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF lilijiondoa W3C kwa ajili hiyo. Hoja ya Berners-Lee ilikuwa kwamba kufuli hizo zingewekwa kwa vyovyote, na ni afadhali ziwe ndani ya viwango kuliko nje. Mimi sioni kwamba hoja hiyo inatosha, kwa sababu aliyekuwa na sauti ya kusema hapana alikuwa yeye.

Wavuti ilifikaje Afrika Mashariki, na Kiswahili kilipata nafasi gani humo?

Vikoa vya nchi, yaani miisho ya anwani inayotambulisha nchi, vilianza katika miaka ya 1990, .ke ya Kenya mwaka 1993 na .tz ya Tanzania mwaka 1995, lakini kwa muda mrefu data ilipita kwenye setilaiti, ghali na polepole. Watu walikwenda saiba au kwenye mgahawa wa intaneti na kulipia kwa dakika. Nyaya za chini ya bahari ndizo zilizobadilisha hali: TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa na SEACOM iliyogusa Mombasa na Dar es Salaam, zote mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010.

Kuhusu lugha, Kiswahili cha herufi za Kilatini kilikuwa na bahati. Hakina vitone wala mikwaju juu ya herufi, kwa hiyo kiliweza kuandikwa sawasawa kwenye ukurasa wa HTML tangu siku ya kwanza, huku lugha nyingi za dunia zikipotoshwa na mashine. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kilichobeba tenzi zetu kwa karne nyingi, ilibidi kingoje. HTML 4.0 ya Desemba 1997 ndiyo iliyoifanya Unicode, mfumo mmoja wa kuwakilisha herufi za lugha mbalimbali kwenye kompyuta, kuwa msingi wa herufi za wavuti na kuweka utaratibu wa maandishi yanayokwenda kutoka kulia.

Berners-Lee anafanya nini sasa?

Anahangaikia data za watu. Haridhiki kwamba wavuti isiyo na mwenyewe imeishia kuwa na majukwaa machache makubwa yanayoshika picha, mazungumzo na nyendo za mabilioni ya watu. Mradi wake unaitwa Solid, na mwaka 2018 alitangaza kampuni ya kuuendeleza, Inrupt. Nia ni kwamba data zako zikae mahali unapopachagua wewe, na programu ziombe kwako kuzitumia badala ya kuzihifadhi zenyewe. Serikali ya Flanders nchini Ubelgiji imeanza kuutumia. Mwaka 2009 pia alianzisha Wakfu wa Wavuti kutetea upatikanaji wa wavuti kwa wote, nao ulifungwa mwaka 2024.

Ukurasa wa kwanza bado unafunguka?

Unafunguka. CERN waliurudisha mwaka 2013 kwenye anwani yake ileile iliyotajwa juu. Nakala iliyopo ni ya mwaka 1992, kwa kuwa ya awali zaidi haikuhifadhiwa. Hauna picha wala rangi, unaeleza tu mradi ni nini na namna ya kujiunga nao, kwa hiyo hautakula bando lako. Mwaka 2019 CERN walikijenga upya pia kivinjari cha kwanza ili kiendeshwe ndani ya vivinjari vya leo. Mwalimu mwenye kompyuta moja darasani anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi ukurasa ulivyosomwa na kuhaririwa palepale, kisha awaache wajaribu.